Fasta, Bana

Mashine ilifika Mpemba, nje kidogo ya Tunduma, juu ya guta la magurudumu matatu, vipande vipande, na watu wote wa yadi wakatoka kuitazama. Yadi yenyewe ni ya malori: ukuta wa tofali, geti la bati, shimo la kutengenezea magari, na kule pembeni vyumba viwili alivyojenga mwenye mali kwa ajili ya dereva wake wa siku nyingi. Humo ndimo walimoishi Yesaya na mkewe Fausta, na mbele ya mlango wao ndipo mwenye guta aliposhusha mkanda mweusi mpana wenye mota, nguzo mbili za chuma, kioo chenye vitufe, na mfuko wa nailoni uliojaa nati na bolti.

"Ndiyo nini hii?" aliuliza tingo mmoja, msaidizi wa dereva, ndoo ya maji mkononi.

"Ya kukimbilia," alijibu mwenye guta. "Unakimbia wee, hufiki."

Wakacheka. Mwingine akasema, bila hata kupunguza sauti, kwamba mashine kama zile ni za matajiri wa Lusaka wanaotaka kupunguza matumbo, sasa huyu mzee akimbie aende wapi. Yesaya alikuwa palepale mlangoni, amekaa kwenye kigoda, anasikia. Kiharusi hakimzibi mtu masikio, lakini watu wakishaona mdomo umekwenda upande humsema mwenyewe kama hayupo.

Kilimchukua upande wa kulia mwanzoni mwa mvua, mkono na mguu, na ulimi nao kikaugusa. Midomo haikuvutika tena sawasawa kwenda mbele. Herufi ya u ilimtoka kabisa, maana u ni ya kukunja midomo kama mtu anayepuliza moto, naye hata kibatari hakuweza kukizima. Ugali ukawa gali. Uji ukawa ji. Na Fausta, jina ambalo Yesaya hakuwahi kulibadilisha kuwa Mama Gwantwa hata baada ya binti yao kuzaliwa, likawa Fasta. Vijana wa yadi walilifurahia hilo kupita kiasi. Kila alipomwita mkewe, wao walidakia kutoka chini ya magari: "Fasta mama, fasta! Mzee ana haraka!"

Fausta alizoea kujifanya hasikii. Alikuwa na meza yake ya chai na chapati pale getini, na wateja wake ndio haohao.

Mashine ilitoka kwa wifi yake, Violet, dada yake Yesaya, aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Mumewe, Luka, hununua vitu vilivyotumika kutoka Lusaka na kuviuza, na hii aliipata kwa mzungu mmoja aliyekuwa akihama. Mtaalamu wa mazoezi pale hospitali alikuwa amesema bila kuzunguka kwamba mguu ule hautarudi kwa kukaa, utarudi kwa kutembea kila siku, pahali tambarare, penye kitu cha kushika. Sasa Mpemba mahali tambarare ni wapi? Nje ya geti ni barabara kuu na foleni ya malori ya kwenda mpakani. Ndani ya geti ni mawe, matope ya oili na matairi. Walijaribu siku moja kuzunguka ukuta, Fausta akiwa fimbo, wakaanguka wote wawili mbele ya watu. Violet alipolisikia hilo akalia kwenye simu, kisha akamwambia mumewe ile mashine haiuzwi.

* * *

Kulikuwa na sababu ya haraka, na sababu hiyo ilikuwa Osea.

Osea ndiye mwenye malori, mwenye yadi na mwenye vyumba. Si mtu mbaya. Alikuja mwenyewe, akavua kofia, akakaa kwenye kiti cha plastiki akanywa chai ya Fausta hadi tone la mwisho, ndipo akasema lililomleta.

"Yesaya, ndugu yangu, gari nimempa kijana mwingine. Hilo unalijua. Na huyo kijana ana mke na watoto, anataka pa kukaa."

Yesaya alitikisa kichwa kukubali.

"Lakini mimi sikutupi. Mlinzi wa getini anaondoka mwisho wa mwezi. Kazi ya getini haitaki mkono wala mdomo. Inataka miguu. Unazungukia magari, unatazama makufuli, unarudi unakaa. Ukiweza kutembea, kazi ni yako, na nyumba mnabaki nayo. Yule kijana nitamtafutia pengine."

"Na asipoweza, bosi?" Fausta aliuliza.

Osea alitazama kikombe kitupu. "Nasafiri Dar. Nikirudi, Jumapili ile ya mwisho nitapita hapa nikitoka kanisani. Nikimwona akitembea, basi, tutamaliza."

Alipoondoka, Yesaya aliushika mguu wake wa kulia kwa mkono wa kushoto akaunyanyua, akauweka mbele kidogo, akauangalia kama mzigo wa mtu mwingine aliokabidhiwa autunze.

* * *

Fausta alitaka kumwita Lucky, fundi wa redio na televisheni wa pale mjini Tunduma. Yesaya alikataa. Alijipiga kifuani kwa mkono wake mzima: fundi ni yeye. Na kweli, kabla ya kuugua hakuna waya wa lori uliomshinda. Taa za trela zilipokufa katikati ya pori, yeye alilala chini ya gari na tochi mdomoni, na zikawaka. Fausta aliona heri amwachie hilo. Mwanamume anayevishwa suruali na mkewe kila asubuhi, ukimnyima na hili utakuwa umembakishia nini?

Wakagawana kazi. Akili ya Yesaya, vidole vya Fausta.

Luka alituma maelezo kwa sauti, na Fausta akayasikiliza tena na tena, simu ameiegemeza kwenye sufuria. "Mulamu, shemeji, nisikilizeni mukwai, tafadhali. Ndani ya ile nguzo ya kulia mna waya ndogondogo. Zina konekta nyeupe, vichwa vya plastiki, kimoja kinaingia kwa mwenzake. Hizo ndizo zinapeleka habari kutoka kwenye kioo mpaka kwenye mota. Hakikisheni zimebana. Zibaneni mpaka isikike ta. Zisipobana, mashine ni chuma tu."

"Umesikia?" Fausta alimwambia mumewe. "Kubana ndiyo dawa."

Yesaya alitabasamu kwa ule upande wa mdomo uliokuwa bado wake.

Vile vichwa vyeupe vilikuwa vidogo kuliko punje ya hindi, na vidole vya Fausta vilikuwa vya kukanda unga. Mara ya kwanza aliviingiza kinyume. Mara ya pili vikateleza. Yesaya, kwenye kigoda chake upande wa pili wa nguzo, alikuwa akimwelekeza kwa macho na kwa kidole, mtulivu kama alivyokuwa zamani akiwafundisha matingo, na Fausta akajikuta amefurahi, kitu ambacho hakikumtokea tangu mvua zianze. Walikuwa wanafanya kazi pamoja. Walikuwa mtu na mkewe tena. Kisha konekta ikaingia, na wote wawili wakasikia: ta.

"Bana," Yesaya alisema, kichwa kikikubali. Hiyo ilikuwa bana ya kweli.

Fausta akausukuma waya ndani ya bomba, akainyanyua ile nguzo ndefu, akaichomeka juu ya kishina chake, kile kipande kifupi cha chuma kilichosimama kwenye kitako cha mashine. Iliingia kwa shida. Akaigonga kwa kiganja ikashuka. Akachukua spana, akaanza kukaza bolti kutoka upande wake wa mbele.

"Bana," akasema Yesaya.

"Nabana."

"Bana. Fasta. Bana."

"Si ndiyo nabana, jamani."

Yesaya akanyoosha mkono wa kushoto, akauzungusha hewani kama mwenye kushika spana. Fausta alimtazama toka upande wa pili wa nguzo, akaona mkono unazunguka kwenda kulia, naye akazungusha spana kwenda kulia. Bolti ikalia. Yesaya akajaribu kusimama. Kigoda kikayumba, na Fausta akaacha spana akamwahi, akamkalisha kwa mabega.

"Tulia. Nimekusikia. Nimebana, imeshika. Huo mkono wako ulikuwa na nguvu, lakini na mimi nimekula ugali."

Alivuta kile kifuniko cha plastiki cheusi, akakiteremsha kufunika maungio. Yesaya akaushusha mkono. Jasho lilikuwa limemtoka usoni, na Fausta alimfuta kwa upindo wa kanga akidhani ni jasho la furaha.

* * *

Iliwaka. Kioo kikatoa namba nyekundu, mkanda ukaanza kusogea polepole kwa sauti ya cherehani, na Yesaya, mkono wa kushoto kwenye chuma na Fausta nyuma yake akimshika mkanda wa suruali, akatembea. Mguu wa kulia ulikuwa ukiburuzwa, lakini uliburuzwa kwenda mbele. Matingo walikuja mlangoni kuchungulia, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyesema la kuchekesha. Mmoja akasema, "Mzee anakanyaga." Fausta akaingia chumba cha ndani akalia kidogo, akanawa uso, akatoka.

Siku zilizofuata ziliendelea hivyo. Alitembea asubuhi kabla ya chai ya madereva na jioni baada ya vyombo. Mguu ukaanza kunyanyuka, kisigino kwanza. Fausta alimpigia Violet, akaiweka simu karibu na mashine ili wifi yake asikie mlio.

Ila kila mara, kabla ya kupanda, Yesaya aliipiga nguzo ya kulia kwa kiganja, pale penye kifuniko, akasema neno lake. "Bana." Na kila mara Fausta alichukua spana, akainama, akakaza tena kidogo. Alifanya hivyo kwa upendo. Alijua madereva walivyo. Yesaya huyu zamani hakuondoka na lori kabla hajagonga tairi zote kwa nyundo. Aliona ni tabia njema imemrudia, na akamshukuru Mungu kwa hilo. Yesaya alimtazama akikaza, akafumba macho, kisha akapanda. Angefanya nini? Jumapili ilikuwa inakuja, na njia ya kuifikia ilikuwa hiyo moja.

Asubuhi moja Fausta alirudi kutoka getini akamkuta chini sakafuni, kando ya mashine, amejikunja, kucha za mkono wa kushoto zimeingia chini ya kile kifuniko cheusi na damu inatoka kwenye kidole.

"Baba Gwantwa! Umeanguka?"

Alitikisa kichwa: hapana.

"Sasa unafanya nini? Utaiharibu, na tumebakiza siku chache."

"Bana," alisema Yesaya. Alilisema taratibu, kama anavyosema mtu na kiziwi, akivuta midomo, mate yakimtiririka kidevuni. "Ba. Na."

"Nitabana. Acha nikuinue kwanza."

Alimletea kalamu na karatasi siku ileile, kwa kuwa lile neno lilikuwa limeanza kumsumbua na yeye. Yesaya aliisukuma karatasi kando. Tangu Gwantwa, alipokuja likizo kutoka shule kule Ileje, alipomshikisha baba yake kalamu kwa kushoto na kumwambia achore a, e, i, naye akachora kitu mfano wa nyayo za kuku, na mtoto akacheka bila ubaya wowote, Yesaya hakutaka tena kuona kalamu. Safari hii, baada ya kuisukuma, alibadili nia. Akaivuta, akaishika, akachora. Fausta aligeuza karatasi hivi na hivi. Aliona mstari umesimama na mwingine umeukata katikati.

"Msalaba," alisema. "Ndiyo, mume wangu. Tumwombe Mungu."

Wakaomba. Yesaya aliinamisha kichwa naye, na alipokiinua hakuishika ile kalamu tena.

* * *

Jumapili Osea alikuja na suti yake ya kanisani na Biblia kwapani. Fausta alikuwa amefagia, ametandika kitambaa mezani, amemvisha Yesaya shati jeupe na viatu vya safari alivyokuwa akiendeshea. Matingo walikusanyika mlangoni, na mke wa yule dereva mpya naye akaja, mtoto mgongoni, akasimama nyuma yao akijidai anapita tu. Macho yake yalikuwa kwenye dari.

"Eeh, mzee mzima," alisema Osea. "Nasikia unakimbia siku hizi."

Yesaya alicheka kwa adabu. Fausta akamsaidia kusimama mbele ya mashine. Yesaya akaipiga nguzo kwa kiganja.

"Bana," alisema.

"Nilibana asubuhi," Fausta alimnong'oneza.

"Bana, Fasta."

"Fasta mama!" alidakia mmoja mlangoni, na wenzake wakamzomea anyamaze.

"Anasema nini?" Osea aliuliza.

"Anataka nikaze hii bolti, bosi. Ni kawaida yake."

"Basi bana, mama. Dereva anajua chombo chake."

Fausta akachukua spana, mbele ya watu wote, akakaza kwa nguvu zake zote. Kitu kikatoa mlio mdogo ndani ya kifuniko, kama njiti ya kiberiti inayovunjika. Alidhani ni nati imefika mwisho. Aliponyanyuka alimkuta Yesaya anatikisa kichwa, anatikisa tu, na amerudi nyuma hatua moja kutoka kwenye mkanda.

"Vipi?" alisema Osea, na sauti yake haikuwa na ukali, ila ilikuwa na mwisho. "Au hawezi?"

Neno hilo lilimwingia Yesaya. Fausta aliliona likimwingia. Aliinua kichwa, akampa mkewe mkono, akapanda.

Alitembea vizuri. Hilo walioona wote watakuambia. Alitembea wima, shati jeupe limemkaa, kisigino kinatua, na Osea akaanza kutabasamu na kusema "Bwana asifiwe" chini kwa chini. Fausta alimwachia mkanda wa suruali ili bosi aone anasimama mwenyewe. Namba nyekundu zikapepesa mara mbili, zikazimika. Mkanda ukasimama kwa ghafla. Mwili wa Yesaya haukusimama. Ulikwenda mbele, kifua kikagonga chuma, ukapinduka upande wa kushoto, na mkono mzima, ule mmoja, ukatangulia kuipokea sakafu ya saruji.

Harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa chumbani. Hakuna aliyecheka.

* * *

Osea aligharimia hospitali, kila kitu, na gari la kwendea akalitoa. Nimeshasema si mtu mbaya. Angekuwa mbaya ingekuwa afadhali, mtu angepata wa kumlaani. Alipokuja tena alisimama mlangoni tu, hakukaa. Alisema mtu wa getini hawezi kuwa mtu wa kuanguka; akipata ajali usiku peke yake, damu yake itadaiwa kwa nani? Alisema atawapa pikapu iwafikishe Ileje, kwa mama yake Yesaya, na kwamba wasiharakishe, wangoje mpaka mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ulikuwa unagonga hodi.

"Asante, bosi," alisema Fausta.

Ndipo akamwita Lucky, angalau ajue kama kile chuma kinafaa kuuzwa. Lucky alikuja na begi lake, akafungua ile bolti kwa tabu kubwa, akimtukana kimoyomoyo mtu aliyeikaza, akaivuta nguzo juu. Yesaya alikuwa amelala kwenye godoro kando, mkono wa kushoto ndani ya plasta mpaka kwenye kiwiko.

"Mama, njoo uone," alisema Lucky.

Konekta zilikuwa salama, zimeshikana vilevile kama siku ile. Lakini juu yake kidogo, pale nguzo ilipokalia kishina chake, waya ulikuwa umetokeza nje ya bomba kwa upande wa nyuma, ukanaswa kati ya chuma na chuma. Umelala bapa kama utepe. Ngozi yake imekatika na shaba imeungua nyeusi.

"Upande huu asingeuona mtu aliyekuwa akikaza kule mbele," Lucky alisema. "Angeuona aliyekaa hapa nyuma. Sasa nyie mkawa mnakaza tu. Kila mkikaza mnaukata. Ilitakiwa mbanue kwanza. Mnabanua hii nguzo, waya unarudi ndani, ndiyo mnabana."

"Bana," alisema Yesaya kutoka kwenye godoro.

Fausta aligeuka. Safari hii hakuyatazama macho ya mumewe, alitazama midomo yake, na akaona kwamba kabla ya ile a ya mwisho kulikuwa na kitu, pumzi ndogo iliyotoka kwenye pembe ya mdomo bila sauti, mahali palipotakiwa kuwa na herufi.

Alipiga magoti karibu naye. "Sema Fausta."

"Fasta."

"Sema ugali."

"Gali."

Miaka mingapi Fausta amelisikia neno lile likitoka kwenye lile shimo la magari, Yesaya na mtaimbo, tairi limeng'ang'ania, anawaambia vijana, banua, banua polepole, usivunje?

"Sema banua."

"Bana."

"Sema bana."

"Bana," alisema Yesaya, kwa uvumilivu uleule, kama mwanafunzi asiyetaka kumuudhi mwalimu.

Lucky aliinama akaanza kukusanya vyombo vyake. Fausta alibaki amepiga magoti. Alikumbuka ule mkono uliozunguka hewani, akajiweka kwa mawazo upande wa kigoda, akauona unazunguka kwenda kushoto. Akakumbuka karatasi. Haukuwa msalaba, ilikuwa nguzo, na waya uliopita katikati. Akakumbuka kucha zenye damu. Kila siku mtu huyu alimwambia, na kila siku yeye alimjibu ndiyo, mume wangu, akafanya kinyume. Aliona aibu iliyomshinda kulia. Alitamani Yesaya amtukane, lakini hata tusi lina herufi zake. Machoni mwa Yesaya hamkuwa na lawama, na heri ingekuwemo.

* * *

Pikapu ilipakiwa asubuhi. Vitu vya nyumba vikiwa ndani huonekana vingi, vikitoka nje huwa aibu: godoro, vyungu, meza ya chai, gunia la mchele, kitanda kilichofunguliwa. Mashine ilibaki nje karibu na ukuta. Tayari mtu alikuwa ameanika ovaroli kwenye nguzo zake.

Yesaya walimkalisha mbele, upande wa abiria, mahali ambapo hakuwahi kukaa katika gari lolote la yadi ile. Yule dereva mpya ndiye aliyeshika usukani. Mkewe alikuwa ameshaingia chumbani na ufagio.

Fausta alimaliza kufunga kamba juu ya mzigo, akashuka. Kupitia kioo cha pembeni Yesaya alikuwa akitazama nyuma, na kichwa chake kikatoka dirishani.

"Fasta," aliita. "Bana."

"Anasema ukaze kamba," alisema dereva.

Fausta hakuisogelea kamba. Alizunguka akaja dirishani, akausogeza uso wake karibu na uso wa mumewe hadi akaisikia pumzi yake.

"Nikaze au nilegeze, Baba Gwantwa? Fumba macho kama ni kukaza."

Yesaya alimtazama. Alikusanya midomo, akaivuta mbele kwa bidii ambayo ilimtetemesha shavu, na midomo ikamkatalia, na mate yakateremka. Macho yakamjaa maji akayafumba, na Fausta hakujua kama huko kulikuwa kujibu au kulikuwa kulia tu. Alimfuta kidevu kwa kanga.

"Bana," alisema Yesaya, macho bado yamefumbwa.

"Fasta mama," aliita tingo mmoja kutoka getini, na safari hii hakuwa anatania. "Gari inachelewa."

Fausta alirudi nyuma ya pikapu. Aliigusa kamba. Upande mmoja ilikuwa imelegea, mzigo ungeweza kumwagika kwenye kona za mlimani. Upande mwingine ilikuwa imezama kwenye gunia la mchele, ungesema inalikata. Alisimama pale ameishika, watu wanamngoja, na hakuwa na njia ya kujua. Basi akapanda juu, akakaa kwenye godoro, akaizungusha kamba kwenye viganja vyake viwili, asiikaze wala asiilegeze, akapiga bati la pikapu kwa kisigino kumwambia dereva aondoke.